Namna ya kupima kama mwanafunzi wa digrii ya baiolojia kajifunza kweli: mwongozo kwa idara ndogo za huku Mwanza

Walimu wenzangu, kila mwisho wa mwaka wa masomo ni yale yale. Matokeo ya UE (mtihani wa mwisho wa chuo) yanatoka, kikao cha idara kinakaa, tunasomewa asilimia ya waliofaulu, wenye sapu (wanaorudia mtihani) na waliodisko (walioondolewa chuo kwa kufeli), tunapitisha, chai inaletwa, tunaondoka. Hakuna anayeuliza huyu kijana mwenye B+ ya Ikolojia akishushwa pale mwaloni Kirumba, samaki wanaposhushwa kutoka ziwani, na daftari mkononi, akaambiwa haya tuambie kinachoendelea kwa hawa samaki, ataandika nini. Gredi haijibu hilo. Kuamini gredi peke yake ni sawa na kununua dagaa kwa debe bila kuuliza walianikwa wapi, mchanga unakuja kuukuta kwenye mboga.

Hebu angalia B+ inavyotengenezwa. CA (maksi za kazi za muhula) ni 40, humo ndani kuna test mbili, kuna kazi ya kundi ambayo wameandikwa majina ya watu wanane na aliyeifanya ni mmoja, na saa ingine kuna maksi za mahudhurio. UE ni 60, maswali sita chagua manne. Hapo kwenye chagua manne ndo penye shimo, maana mwanafunzi anayeogopa takwimu ataruka swali la takwimu mwaka wa kwanza, ataliruka wa pili, ataliruka wa tatu, na atavaa joho bila hata siku moja kulazimika kusoma grafu mbele yetu, na gredi zake safi kabisa. Hajaiba wala hajadanganya, sisi ndo tumemwachia njia.

Kwa iyo mwongozo huu sio wa kumpima mwanafunzi mmoja mmoja apewe maksi, hilo tunalijua. Ni wa kupima programu nzima, yani mtu akitoka kwetu na digrii ya baiolojia anaweza kufanya nini na hawezi nini, afu tukishajua turekebishe wapi. Nimeuandika kwa idara yenye walimu wachache, madarasa makubwa na maabara ya kugombania, sio kwa vyuo vyenye ofisi nzima ya upimaji.

HATUA YA 1: Andikeni matokeo machache, na yawe ya kitendo

Fungueni mtaala wenu muone. Nusu ya matokeo ya ujifunzaji yaliyoandikwa humo ni "mwanafunzi aelewe", "mwanafunzi athamini", "awe na ufahamu mpana wa". Sasa ufahamu mpana unaupima na rula gani? Badilisheni kila moja liwe kitu ambacho mtu mwingine akikaa pembeni anaweza kukiona kimefanyika au hakijafanyika. Badala ya "aelewe ikolojia ya samaki", andika "akipewa data za samaki waliovuliwa kwenye mialo miwili achore grafu inayofaa, aseme inaonyesha nini na aseme pia haionyeshi nini". Hicho kipande cha mwisho ndo kinatenganisha watu, nitakirudia.

Msianze na karatasi tupu. Mfumo wa sifa wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) unaweka digrii ya kwanza ngazi ya 8 na unataka maarifa, stadi na umahiri, kwa iyo vichwa vitatu mnavyo tayari. Kwa upande wa baiolojia yenyewe kuna ripoti ya AAAS (chama cha kuendeleza sayansi cha Marekani) ya mwaka 2011 ambayo idara nyingi duniani zinaitumia, imefupisha baiolojia ya digrii kwenye dhana tano: mageuko, umbo na kazi yake, taarifa za urithi zinavyotunzwa na kupitishwa, njia za nishati na maada, na mifumo. Afu ina stadi sita: kufanya sayansi kwa hatua zake, kutumia hesabu, kutumia modeli, kuvuka mipaka ya masomo, kuwasiliana na kushirikiana, na kuihusisha sayansi na jamii. Chukueni hizo, muondoe msichoweza, muweke cha kwenu. Matokeo matano mpaka saba yanatosha programu nzima. Ukiona idara ina matokeo 34 jua hakuna atakayeyapima, yameandikwa yapite kwenye kikao basi.

Na kabla hamjafunga orodha waulizeni watu wanaopokea wahitimu wenu. Huku kwetu wengi wanaenda kufundisha sekondari, wengine wanatafuta nafasi TAFIRI (utafiti wa uvuvi), NIMR (utafiti wa magonjwa ya binadamu), uvuvi wa halmashauri, maabara za viwanda vya samaki. Muulize mkuu wa shule au msimamizi wa maabara swali moja tu: kijana akija kwako wiki ya kwanza unaishia kumfundisha nini ambacho ulitegemea anakijua? Majibu yao yana thamani kuliko dodoso la kurasa kumi.

HATUA YA 2: Chora ramani ya kozi

Jedwali moja, kozi zote zishuke upande wa kushoto, matokeo yapite juu. Kwenye kila kisanduku weka A kama kozi hiyo inaanzisha kitu hicho, Z kama inakizoesha, P kama inakipima kwa ukali wa mhitimu. Kama haihusiki acha wazi.

Kila mwalimu atakwambia kwake vyote vinafundishwa. Usibishane nae, mwombe pepa ya mwaka jana na maswali ya praktiko, kama swali halipo basi P haipo, mambo yameisha. Ukimaliza soma jedwali kwa kushuka badala ya kukatisha. Mara nyingi utakuta safu ya majina ya viumbe na sehemu zake imejaa Z na P mpaka chini, na safu ya takwimu ina A moja kwenye kozi ya mwaka wa kwanza halafu jangwa mpaka mradi wa mwaka wa tatu, ambapo ghafla tunamtaka afanye uchambuzi na tunashangaa kwa nini anaenda kumlipa mtu wa stationari amfanyie.

Hii ramani peke yake, hata msipopima chochote, inaweza kuwapa kazi ya mwaka mzima.

HATUA YA 3: Mwaka huu chagueni tokeo moja

Moja. Likizidi sana mawili. Mwaka kesho lingine. Idara inayopima vyote kwa mpigo inachoka mwezi wa tatu na faili linaishia kabatini.

HATUA YA 4: Tengenezeni swali ambalo jibu lake halipo kwenye madesa (noti za kukariri)

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, mengine yote ni makaratasi tu. Mwanafunzi wetu ni fundi wa kukariri, na tusimlaumu, amefika chuo kwa kukariri. Ukimuuliza "fafanua usanisinuru" atakumwagia kurasa tatu zimenyooka, na hutajua kama kaelewa au kameza. Inabidi umpe kitu alichokiona kwa macho yake miaka yote lakini hakuna aliyemfundisha jibu lake, na sisi tuliozungukwa na ziwa hatuna sababu ya kukosa vitu kama hivyo.

Mfano wa kwanza, gugu maji. Kila mtu wa Mwanza analijua, limekuwepo ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Muulize hivi: gugu maji dogo limewekwa kwenye beseni la maji ya ziwa, likaachwa juani, baada ya wiki kadhaa limeongezeka, likatolewa, likakaushwa kabisa na kupimwa. Sehemu kubwa ya huo uzito mkavu ulioongezeka imetoka wapi? Kwenye maji, kwenye madini na uchafu uliomo majini, kwenye hewa, au kwenye mwanga wa jua? Chagua na ueleze kwa sentensi tatu.

Jibu ni hewa. Kaboni yote iliyomo kwenye huo mmea, na oksijeni nyingi iliyoshikana nayo, imetoka kwenye kaboni dioksaidi iliyoingia kupitia majani yaliyosimama juu ya maji. Maji yametoa hidrojeni, madini yametoa kiasi kidogo. Lakini subiri uone wangapi watasema madini, tena kwa kujiamini, kwa sababu kila wanaposikia habari za gugu maji wanasikia naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na mjini zinalirutubisha. Ni kweli zinalirutubisha, ila kinachoruhusu mmea ukue na kinachotengeneza mwili wa mmea ni vitu viwili tofauti, na mwanafunzi asiyevitofautisha hajaelewa usanisinuru hata kama kanuni yake anaiandika usingizini. Neno "mkavu" msilitoe kwenye swali, bila hilo atakayejibu maji atakuwa sahihi maana gugu bichi karibu lote ni maji.

Mfano wa pili ni wa mageuko, na ndo naupenda zaidi. Sangara waliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, miaka ya 1980 wakafurika, na furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili ambao walikuwa aina mamia, wakaporomoka vibaya. Ghuba yetu ya Mwanza ni moja ya sehemu zilizofuatiliwa kwa karibu. Kuna furu mmoja, Haplochromis pyrrhocephalus, aliyepungua mpaka ikawa shida kumpata kisha akarudi, na watafiti wakalinganisha vielelezo vya kabla na vya baadaye, wakakuta hawa wa baadaye wana matamvua makubwa zaidi na ile sehemu ya mwili inayobeba mkia imekuwa kubwa. Mpe mwanafunzi hayo maelezo, mwambie pia maji ya ziwa yamepungua oksijeni kuliko zamani, kisha muulize: mabadiliko haya yametokeaje?

Hili swali lazima liwe la lazima. Sio "chagua manne". Likae Sehemu A ya UE ya kozi ambayo kila finalisti anaipitia, au lifanyike darasani dakika 20 chini ya usimamizi. Kazi ya kwenda kuandikia hosteli msiitumie kama ushahidi siku hizi, utakuwa unapima ChatGPT na bando la mwanafunzi.

HATUA YA 5: Tengenezeni ngazi za majibu kabla hamjasahihisha

Hizi ngazi wengine wanaita rubriki. Msiandike "duni, wastani, nzuri, nzuri sana", hayo ni maneno ya ripoti ya shule. Andikeni jibu lenyewe linavyoonekana. Kwa swali la furu mimi ningeweka hivi:

Ngazi 0: anasimulia historia ya sangara kama ilivyo kwenye desa, au anarudia maelezo ya swali kwa maneno mengine.

Ngazi 1: "Furu walihitaji kumkimbia sangara kwa hiyo wakaota mkia mkubwa, na walihitaji hewa wakaongeza matamvua." Yani haja ndo imekuwa sababu. Hapa ndo utawakuta wengi, wakiwemo wenye A, na ukisoma haraka unampa tiki maana limeandikwa vizuri.

Ngazi 2: anasema tangu mwanzo furu walitofautiana, wenye mkia na matamvua makubwa wakapona na kuzaa zaidi, tofauti hiyo inarithiwa, vizazi vikabadilika. Huu ni uteuzi asilia umekaa sawa.

Ngazi 3: ana yote ya ngazi 2, kisha anasimama na kusema lakini vipimo hivi peke yake havinitoshi. Samaki wa jamii hii akikulia kwenye maji yenye oksijeni kidogo anaweza kuota matamvua makubwa palepale bila kusubiri vizazi, kwa iyo lazima tutenganishe urithi na mazingira. Akiongeza na jaribio, kwa mfano kuchukua vifaranga wa mama mmoja kuwafuga kwenye matangi yenye oksijeni tofauti, huyo mpe mkono.

Unaona ile habari ya "aseme haionyeshi nini"? Ndo hiyo ngazi ya 3. Na msipoiandika mapema hamtaiona kabisa kwenye skripti, mtampunguzia maksi kwa sababu "hana uhakika".

Kuna jambo la lugha hapa lazima tuliseme. Mtihani ni Kingereza, kichwa cha mwanafunzi kinafikiri Kiswahili, saa ingine Kisukuma, na sentensi mbovu inaweza kuficha wazo zima. Chukueni wachache waliopata 0 na 1, muwaite mmoja mmoja, waambieni eleza kwa Kiswahili kama unamweleza mdogo wako. Akinyoosha, baiolojia anayo, kilichokwama ni kuandika kwa Kingereza, na hilo ni tokeo lingine lenye dawa yake nyingine. Akirudia "walihitaji" hata kwa Kiswahili basi tatizo liko kwenye dhana. Msichanganye haya mawili, mkichanganya mtaongeza kozi ya stadi za mawasiliano kutibu ugonjwa wa mageuko.

HATUA YA 6: Sampuli, na kusawazisha wasahihishaji

Darasa likiwa la watu 200 hamna haja ya kusoma zote, 40 zinatosha mkizichukua kwa bahati nasibu. Bahati nasibu ya kweli, namba za usajili ziingie Excel, muweke safu ya namba za RAND, mpange, mkate 40 za juu. Sio zile 40 za juu ya rundo, za juu ya rundo ni za waliomaliza wa mwisho.

Ficheni majina, bakini na namba tu. Aliyefundisha kozi asisahihishe hizi peke yake, sio kwamba ni mwizi, ila anajua alichotaka kusema darasani na atakisoma hata pale ambapo hakijaandikwa.

Kisha kabla ya zote, watu wawili wasahihishe skripti 10 zile zile kila mtu kwake, halafu mkutane. Mkikubaliana kwenye 8 au 9 endeleeni. Mkikubaliana kwenye 5, msilaumiane, someni maneno ya ngazi upya maana yana utata, rekebisheni, chukueni 10 nyingine. Angalieni pia kitu kimoja, kama nyote mmempa karibu kila mtu ngazi 1 mtaonekana mnakubaliana sana wakati ni bahati tu, ndo maana watu wa takwimu wanatumia kapa ya Cohen inayoondoa ule ukubaliano wa kubahatisha. Kwa kikao cha idara sio lazima, kwa kuchapisha ni lazima, na mkitaka kuchapisha ombeni kibali cha utafiti chuoni kabla hamjaanza sio baada.

HATUA YA 7: Maswali ya kuchagua yakaguliwe nayo

Hii nitapita haraka. Kama mna maswali ya kuchagua herufi, pangeni wanafunzi kwa jumla ya maksi, chukueni 27% ya juu na 27% ya chini. Darasa la 100 ni 27 na 27. Tuseme waliopata swali fulani juu ni 20 na chini ni 8, toa, gawa kwa 27, unapata kama 0.44, swali zuri hilo linatenganisha. Ikiwa 0.3 kwenda juu baki nalo. Ikija namba hasi, yani wa chini wanapata kuliko wa juu, kimbilia ufunguo wako wa majibu kwanza, mara nyingi herufi imekosewa.

HATUA YA 8: Pima mwanzo na mwisho, watu wale wale

Swali lile lile la gugu maji wapeni wa mwaka wa kwanza wiki ya pili, bila maksi, waambieni ukweli kwamba haliingii CA. Msiwape majibu. Wapeni tena wakiwa finalisti.

Kulinganisha tumieni hii: baada toa kabla, gawa kwa mia toa kabla. Darasa lililoanza na 30% na kumaliza na 65% limepata 35 kati ya 70 zilizokuwa zimebaki, yani 0.5. Inasaidia kwa sababu darasa lililoanza juu halionekani limezembea.

Ila kuna mtego. Waliodisko na walioacha kwa kukosa ada hawapo mwaka wa tatu. Ukichukua wastani wa fasti yia wote ukalinganisha na wastani wa waliobaki, utaona tumepanda hata kama hakuna mtu aliyejifunza kitu, wamepungua tu wa chini. Linganisha walewale, namba kwa namba, hata kama wanabaki 60.

HATUA YA 9: Stadi za mikono zinaonwa kwa macho

Ripoti ya praktiko haikwambii nani alishika hadubini. Kwenye makundi ya watu kumi mmoja anafanya, wawili wanaandika, waliobaki wanapiga picha za status. Kwa iyo tengenezeni orodha fupi ya kutiki, vitendo sita au nane, na kila mwanafunzi apite peke yake dakika tano.

Mfano wa kwenye maji, kupima uwazi wa maji kwa sahani ya Secchi, ile ya nyeupe na nyeusi inayoshushwa kwa kamba. Tiki zangu: kaandika muda na mahali kabla ya kushusha, kapimia upande wa kivuli wa mtumbwi, kasoma kina inapopotea na kina inapoonekana tena wakati wa kuivuta, karudia mara tatu, kaandika kipimo na sentimita zake palepale badala ya kuja kukumbuka kwenye basi, akiulizwa kwa nini karudia ana jibu. Hiyo ya mwisho ndo inapima kichwa, zingine zinapima mkono. Fanyieni kwenye mtumbwi wenye maboya au kwenye gati, vijana wasiingie majini miguu mitupu, kichocho cha ziwa hili sio hadithi na konokono wanaokibeba wapo kwenye hayo majani ya pembeni. Mwanafunzi wa baiolojia anayevua viatu aingie bila kuuliza, nae kajipima.

Kuna wanaouliza vipi zile fomu ambazo mwanafunzi anamtathmini mwalimu mwisho wa muhula. Endeleeni nazo, zinaonyesha kama mwalimu anaingia darasani na kama sauti inasikika nyuma. Kujifunza hazipimi. Darasa linaweza kumpenda mwalimu mchekeshaji na likatoka bila kitu.

HATUA YA 10: Kikao cha ukurasa mmoja

Wekeni lengo kabla ya kuona matokeo, iandikwe kwenye muhtasari, kwa mfano "angalau 70% wafike ngazi ya 2". Mkisubiri muone kwanza, lengo litashuka lenyewe mpaka lifikike.

Matokeo yaje kwa mgawanyo sio kwa wastani. Tuseme katika 40, ngazi 0 ni 6, ngazi 1 ni 19, ngazi 2 ni 12, ngazi 3 ni 3. Ukisema wastani ni 1.3 watu watatikisa vichwa na kunywa soda. Ukisema wahitimu watarajiwa 19 kati ya 40 bado wanaamini kiumbe hubadilika kwa sababu kinahitaji, na wengi wao Januari watakuwa wanalifundisha hilo fomu foo, kikao kitaamka.

Rudini kwenye ramani ya hatua ya 2 mtafute hilo tokeo linazoeshwa wapi. Kisha uamuzi mmoja, wenye jina la mtu na muhula. Sio "idara iboreshe ufundishaji wa mageuko". Iwe "kuanzia muhula wa kwanza kila praktiko ya Zoolojia iwe na swali moja la data za kweli ambalo halina jibu kwenye mwongozo wa praktiko, msimamizi ni fulani" au "swali la takwimu liondolewe kwenye ya kuchagua, liwe la lazima kozi zote tatu za Ikolojia". Vitu vidogo visivyohitaji bajeti wala kusubiri mtaala uhuishwe.

Mkuu wa idara nae atoe kauli mapema, hadharani, kwamba haya matokeo hayatatumika kumpandisha wala kumnyima mtu cheo. Bila hiyo kauli mwaka wa pili kila mtu atafundisha jibu la gugu maji wiki moja kabla ya mtihani na mtapata 95% ambayo haina maana yoyote. Na kwa sababu hiyo hiyo maswali yabadilishwe sura, mwaka huu gugu maji, mwaka mwingine mti wa mwembe wa nje ya maabara, dhana ni ile ile.

Mwisho ni utunzaji. Skripti zilizosahihishwa, ngazi mlizotumia, jedwali na muhtasari wa kikao vikae pamoja, nakala moja ya karatasi kwa mratibu wa programu na moja mtandaoni kwenye akaunti ya idara, sio kwenye laptop ya mwalimu mmoja ambaye Septemba anaenda masomoni. Mtahini wa nje akija mpeni hilo faili kwanza kabla ya rundo la UE. Tarehe ya kupima tena uamuzi wenu iandikwe juu ya jalada kwa maka pen.